KUPONA NGOZI SIKO KUPONA MKONO

Mkulima wa Singida hana rasilimali iliyo kubwa kuliko mikono yake miwili. Kwa mikono hiyo hulima mtama na uwele, hukata vichwa vya alizeti, hung'oa vitunguu, hukama ng'ombe na hujenga nyumba. Mfanyakazi wa mjini hali kadhalika: fundi wa kuchomelea vyuma, mpishi wa mgahawa, mbeba magunia katika kiwanda cha kukamua mafuta, wote wanakula kwa mikono. Basi mkono wa mwananchi unapoungua, limeungua jembe, umeungua mshahara, na pengine imeungua karo ya mtoto.

Leo twapenda kusema neno juu ya mkono huo baada ya moto kuzimwa. Desturi yetu ni kumpeleka majeruhi hospitali, kuhesabu siku zake wodini, na jeraha likifunga kumshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Miezi sita baadaye twamkuta amekaa barazani, vidole vimejikunja kiganjani, kiwiko hakinyooki, na jirani wanasema, "Maskini, alikwisha pona, lakini ndivyo alivyobaki." Sisi twasema la! Hakupona. Kupona ngozi siko kupona mkono. Ipo kazi ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, ambayo yapasa ianze tangu siku za mwanzo za jeraha na iendelee muda mrefu baada ya jeraha kufunga. Na katika kazi hiyo kipo chombo kimoja rahisi, nacho ni kioo cha kawaida cha kujitazamia, ambacho twaona wakati umefika kiingie katika wodi na zahanati zetu.

Kwanza na tuutazame moto wenyewe. Katika vijiji vya Singida, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na mafiga hukaa chini, mahali ambapo mtoto anayetambaa anafika kabla ya mama yake. Uji unaochemka, chai, maziwa ya moto, kibatari kilichopinduka, petroli iliyohifadhiwa katika chupa ndani ya nyumba: hivyo ndivyo vinavyounguza mikono. Viwandani na karakanani kuna mvuke, mafuta ya moto, umeme na cheche. Tena barabara kuu iendayo Mwanza, Rwanda na Burundi yapita Singida, nayo hupitisha malori ya mafuta usiku na mchana. Hakuna aliyesahau ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka wakati watu wakichota petroli. Waliokufa walizidi mia moja. Ajali ya namna ile hutufundisha kuhesabu wafu. Yatupasa itufundishe pia kuuliza habari za wale wanaobaki hai, na mikono yao.

Wako pia ndugu zetu wenye kifafa, ambao huanguka motoni na kuachwa humo kwa sababu walio karibu wanaogopa kuwagusa. Hofu hiyo ni ya kale na haina msingi. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate. Dakta Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wengi wenye makovu ya moto kwa sababu hiyo hiyo. Amwachaye mwenziwe motoni kwa kuogopa mate anamwunguza mara mbili.

Sasa tuangalie kinachotokea jeraha linapofunga. Jeraha la moto lililozama huacha kovu, na kovu si kama ngozi ya kawaida. Kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, kovu huendelea kujivuta. Kila mfugaji wa Singida anajua kwamba ngozi ya mbuzi ikiachwa juani bila kuwambwa kwa vigingi hujikunyata ikawa haifai kitu. Kovu nalo ndivyo lilivyo: lisipowambwa hujikunyata, nalo likijikunyata huvuta kiungo pamoja nalo. Kiganja kilichoungua hufumba. Mgongo wa mkono ulioungua huvuta vidole vikawa kama kucha za mwewe. Mkunjo wa kiwiko ulioungua hufunga mkono karibu na kifua.

Kibaya zaidi, mgonjwa mwenyewe husaidia balaa hilo bila kujua. Kwa kuwa kunyoosha kunauma, hukunja, na akikunja hupata nafuu. Jamaa wanaomhurumia humwekea mto chini ya mkono uliokunjwa na kumwambia apumzike. Yafaa kila mtu ajue kwamba mkao unaomstarehesha majeruhi wa moto ndio mkao utakaomlemaza. Ndiyo maana wataalamu wa viungo hufunga mkono kwa banzi. Mgongo wa mkono ukiwa umeungua, kifundo huinuliwa kidogo kwa nyuma, mizizi ya vidole hukunjwa, vidole vyenyewe hunyooshwa, na kidole gumba huwekwa mbali na vingine. Kiganja kikiwa kimeungua, chote hukunjuliwa wazi. Tena mgonjwa hufanyishwa mazoezi kila siku, maana banzi peke yake hukaza viungo. Wazee walisema udongo uuwahi ungali maji. Kovu nalo yafaa liwahiwe lingali changa.

Lakini yapo maumivu, na ipo hofu. Mtu aliyeungua akiambiwa afumbe na kufumbua vidole huona kana kwamba anarudishwa motoni. Huuficha mkono chini ya khanga au ndani ya mfuko wa koti. Hautazami, hautumii, na kadiri asivyoutumia ndivyo ubongo wake unavyozidi kuutenga. Baada ya muda hata pale ambapo kiungo kingeweza kusogea, mwenyewe hathubutu kukisogeza. Hapa ndipo kioo kinapopata kazi.

Habari ya kioo hiki ilianza Marekani katika miaka ya 1990. Dakta V. S. Ramachandran, mzaliwa wa India afanyaye kazi katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, alishughulikia watu waliokatwa mkono lakini wakaendelea kusikia maumivu makali katika mkono ule ambao haupo tena. Aliwawekea kioo ubavuni mwa mkono mzima, hata mtu akitazama aone mikono miwili. Mgonjwa alipoufungua mkono mzima, aliona kiooni kana kwamba mkono uliopotea nao unafunguka, na baadhi yao walisema ule mkazo uliowatesa siku nyingi umelegea. Mwaka 2007 waganga wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed walitoa taarifa ya majaribio juu ya watu waliokatwa mguu: waliofanya mazoezi mbele ya kioo walipungukiwa na maumivu, kuliko wenzao waliowekewa kioo kilichofunikwa. Tiba hiyo imetumika pia kwa waliopooza upande mmoja kwa kiharusi, na mapitio makubwa ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 62, yalionyesha kwamba inasaidia kurudisha mwendo wa kiungo.

Namna ya kuifanya haihitaji shahada. Mgonjwa hukaa mezani, au chini mkekani kama meza hakuna. Kioo husimamishwa katikati ya kifua chake, uso wa kioo ukielekea mkono mzima. Mkono ulioungua huwekwa nyuma ya kioo, usionekane. Pete, saa na bangili huvuliwa katika mkono mzima, ili picha ya kiooni ifanane na mkono uliofichwa. Kisha mgonjwa hutazama kioo tu, naye husogeza mkono mzima polepole: kufumba na kufumbua, kugusa kila kidole kwa gumba, kugeuza kiganja juu na chini, kushika kikombe, kuokota punje ya mahindi. Macho humwambia ubongo, "Tazama, mkono wako ulioungua unasogea na hauumi." Mtaalamu akiona inafaa, mkono uliofichwa nao huanza kufuata, kidogo kidogo. Dakika kumi au kumi na tano zatosha kwa kikao kimoja, na vikao virudiwe mara kadhaa kwa siku.

Atakayesema kwamba hiki ni kiini macho hatakosea sana. Ni kiini macho kweli, ila tofauti yake na kile cha sokoni ni kwamba mdanganywaji anajua anachofanyiwa, na faida yote inabaki kwake.

Hata hivyo hatutaki kuwauzia wananchi matumaini ya bure. Ushahidi juu ya kioo kwa majeruhi wa moto bado ni mchache kuliko ule wa kiharusi. Tafiti zilizofanywa ni ndogo. Kioo hakinyooshi kovu. Kazi hiyo ni ya banzi, ya mazoezi, na pengine ya kisu cha mpasuaji na ngozi ya kupandikiza. Kioo kinapunguza maumivu na hofu ili mazoezi yafanyike, basi. Tena hakimfai kila mtu. Aliyeungua mikono yote miwili hana mkono mzima wa kuuonyesha kiooni. Mtoto mdogo sana hawezi kutulia akatazama. Yuko mgonjwa ambaye maumivu humzidi au kizunguzungu humshika, naye yapasa aache na amwambie mganga. Na aliyeungua uso asilazimishwe kukutana na sura yake kabla hajawa tayari. Kioo kiwekwe chini, kionyeshe mkono tu. Jambo hili la mwisho ni dogo kulisema, lakini mgonjwa hulikumbuka maisha yake yote.

Kwa nini basi tunalisemea Singida? Kwa sababu Singida ni mkoa mpana. Una kilomita za mraba zipatazo 49,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni mbili. Iko hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida. Iko Makiungu, iko Kiomboi, iko Iambi huko Mkalama, iko Mtakatifu Gaspar huko Itigi. Hospitali hizi zina waganga na wauguzi wanaojitahidi. Lakini mtu wa Rungwa au Mgandu aliyefunga jeraha hawezi kupanda basi kila wiki kwenda kunyooshwa vidole. Nauli ya safari mbili hula akiba ya msimu. Kwa hiyo huenda mara moja, kisha hakai tena katika hesabu ya mtu yeyote. Chuo cha fiziotherapia cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa wataalamu tangu miaka ya 1970, lakini nchi ni kubwa na wataalamu hao hawatoshi kukaa katika kila kata.

Wako watakaotuambia kwamba mkoa ungoje kwanza wataalamu wakamilike, na mashine ziletwe, na jengo lijengwe, ndipo mambo ya mikono yaanze. Wataalamu twawataka, na jengo twalitaka. Lakini kovu halingoji bajeti. Linajivuta usiku huu huu, huku karatasi ikitoka ofisi hii kwenda ofisi ile. Kama kuna sehemu ya tiba inayoweza kufanyika nyumbani kwa mgonjwa, kwa kioo anachoweza kukinunua mnadani, yatupasa tuianze leo, na ile iliyo kubwa tuendelee kuidai.

Twatoa shauri letu waziwazi.

Kwanza, pasiwe na majeruhi wa mkono anayeruhusiwa kutoka wodini kabla ya kufundishwa mambo manne: jinsi ya kuvaa banzi, jinsi ya kufanya mazoezi, jinsi ya kulikanda kovu lililokwisha funga, na, kama mkono mmoja ni mzima, jinsi ya kutumia kioo. Afundishwe yeye pamoja na jamaa mmoja atakayekaa naye, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Pili, jina la mgonjwa lisiishie katika daftari la wodi. Lipelekwe katika zahanati ya kijiji chake pamoja na tarehe za kumtazama, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumba kwa nyumba aweza kabisa kuuliza, "Hebu nyoosha vidole nione," na kuandika alichokiona. Akiona mkono umeanza kufumba, ampeleke mapema. Kovu changa likiwahiwa pengine litaokolewa kwa banzi na mazoezi. Lililokomaa hudai kisu.

Tatu, mtaalamu wa viungo aliyeko hospitali ya mkoa asifungiwe mjini. Apewe usafiri azunguke wilayani kwa zamu, awafundishe waganga wasaidizi na wauguzi. Mtaalamu mmoja akifundisha watu ishirini, mkoa umepata mikono arobaini.

Nne, waajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na miongoni mwa mafao yake ni utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia kazini arudi katika kazi na maisha yake. Mfanyakazi ajue kwamba haki yake haikomi kwenye bili ya hospitali wala kwenye malipo ya kilema. Mwajiri naye aelewe kwamba fundi aliyerudi kazini miezi minne baadaye ni faida kwa kiwanda, na kwamba kumpa kazi nyepesi akiwa katika mazoezi si sadaka. Vyama vya wafanyakazi vifuatilie jambo hili mtu kwa mtu. Vibarua wasioandikwa popote ndio wanaopotea kwanza, nao ndio wengi karibu na moto.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Mtu akiungua, mwageni maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika ishirini. Twajua kwamba katika vijiji vingi vya Singida maji ni ya kufuata mbali, lakini ndoo moja ikimiminwa polepole kwa kikombe huokoa nyama nyingi. Vueni pete na bangili kabla mkono haujavimba. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Kisha msimfiche majeruhi. Mtoto aliyeungua mkono arudi shule, aandike, acheze, achote maji kwa kibuyu kidogo. Huruma ya kumfanyia kila kitu ndiyo inayomkata mkono uliobaki. Mwacheni ajikung'ute mwenyewe, ajifunge vifungo mwenyewe, hata akichelewa.

Twajua pia kwamba dawa iliyo bora ni moto wenyewe usimfikie mtu. Jiko liinuliwe kutoka chini, petroli itoke ndani ya nyumba, mwenye kifafa apate dawa zake kila siku bila kukatizwa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, nasi twaiunga mkono. Lakini kati ya leo na mwaka huo, watoto wataendelea kutambaa karibu na mafiga, na mafundi wataendelea kushika chuma cha moto. Mikono yao haiwezi kungoja.

Hatuombi jambo kubwa. Hatuombi ndege wala mtambo wa mamilioni. Tunaomba banzi lililofungwa vyema, jamaa aliyefundishwa, daftari la zahanati lenye tarehe, na kioo kisichopasuka. Mganga Mkuu wa Mkoa na waganga wa wilaya zote za Singida wanaweza kulianza hili kwa agizo la ukurasa mmoja. Na mwananchi aliyepeleka mgonjwa wake hospitali asiogope kuuliza, kabla hajatoka mlangoni, swali hili moja: "Jeraha limefunga, twashukuru, sasa mkono wake utafanyaje kazi?" Asikubali kuondoka bila jibu.